Mita Mbili za Gélase

Korona ilipoingia Jabe, mtaa wetu huku Burundi, Gélase alijifungia ndani kama watu wengine waoga. Korona ilipoondoka, au tuseme watu walipochoka kuiogopa, wenzake walitoka na yeye akabaki. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ukiogopa pamoja na wenzako utaitwa mwangalifu, lakini ogopa peke yako uone. Watasema una jambo lako.

Alikuwa fundi wa makochi, na fundi mzuri. Kochi lililokaliwa na vizazi vitatu likipita mikononi mwake lilirudi kwa mwenyewe limenyooka kama bibi harusi. Kibanda chake sokoni alikifunga, akahamishia kazi uani kwake. Wateja waliacha viti vyao getini, wakaja kuvichukua getini hapohapo, na fundi aliwapungia mkono kutoka mlangoni akiwa na barakoa usoni. Mwaka wa 2022 ulipofika katikati, ndoo za kunawia mikono mbele ya maduka zilikuwa zimegeuzwa za kufulia, sherehe zimerudi, watu wanakumbatiana kufidia miaka waliyokosa, na yeye bado anawaambia wateja warudi nyuma mita mbili. Jabe haikosi jina la kumpa mtu. Wakamwita Deux Mètres, Mita Mbili.

Ukweli ulijulikana na watu watatu tu: mkewe Epiphanie, binti yao Amandine, na daktari. Gélase alikuwa na kansa ya damu. Ilianza na uchovu, halafu vinundu shingoni, halafu jasho la usiku lililolowesha shuka. Daktari, mwanamke mpole asiyependa kuzungusha maneno, alimweleza kwamba kansa yake ni ya polepole, kwamba kuna vidonge, na kwamba wengi huishi nayo miaka mingi. Lakini kinga yake, alisema, ni sawa na jeshi lenye askari wengi wasio na bunduki. Chanjo alichanjwa, zote, na bado daktari hakumpa ruhusa ya kujichanganya na watu, kwa sababu damu ya namna ile husikia chanjo nusu nusu. Mafua ya mtu mwingine yangeweza kuwa jeneza lake. Gélase alisikiliza mpaka mwisho, akauliza afanye nini, na alipoambiwa akafanya bila kupunguza hata nukta. Alikuwa ameamua kuishi. Ni uamuzi ambao watu wengi hatuwahi kuufanya, kwa kuwa tunadhani tumeshafanyiwa.

Kwa nini basi hakusema? Wahenga walishatuambia, mficha maradhi kifo humuumbua, na Epiphanie alimkumbusha methali hiyo mara nyingi kuliko alivyomkumbusha kula. Lakini Gélase aliijua Jabe. Ukisema pale una ugonjwa wa damu, watu hawasubiri umalizie sentensi. Wanaujua mmoja tu. Watamtazama mkeo, halafu watamtazama binti yako, na binti yake alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, na tayari kulikuwa na kijana aliyekuwa akimsindikiza mpaka kwenye kona. Akaona bora aitwe Deux Mètres.

Ila kuficha nako kuna gharama, na gharama hiyo ilimwangukia Rénovat.

Rénovat alikuwa fundi baiskeli, jirani wa mtaa wa pili, na kwa miaka ishirini kila Jumapili baada ya misa yeye na Gélase walikaa kwenye kabare moja, chungu kimoja cha impeke, ile pombe ya mtama, kati yao, mrija mmoja. Nani asiyejua maana yake? Mrija ukitoka kinywani mwako ukaingia kinywani mwangu, tumemaliza maneno yote. Na mrija ukiukataa, umesema neno moja ambalo Mrundi hapendi kulisikia: kwamba unamshuku mwenzako kwa sumu. Gélase alipougua, shingo imevimba, mashavu yameingia ndani, akaacha ghafla kunywa na Rénovat. Akarudisha na sahani ya maharage iliyotumwa na mke wa Rénovat, haijaguswa. Watu wakajumlisha wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema sokoni, wakimtazama fundi baiskeli kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyemwambia Rénovat usoni kwamba yeye ni mlozi. Walipunguza tu kumpelekea baiskeli.

Gélase alizisikia habari hizo kupitia kwa Epiphanie, zikamuuma kuliko sindano zote alizowahi kuchomwa. Alimpigia Rénovat simu mara mbili. Mara zote mbili simu ilikatwa.

Sasa sikia jinsi dunia inavyopenda kucheka. Kijana aliyekuwa akimsindikiza Amandine mpaka kwenye kona, Patrick, alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Rénovat. Baba hana; wa kumsemea ni baba mdogo. Patrick na Amandine walipokubaliana, ujumbe ukaja rasmi kwamba Jumamosi fulani saa nane mchana familia itakuja kushika irembo, yaani kuomba mlango wa nyumba ile usifunguliwe kwa wengine, na msemaji atakuwa Rénovat. Na irembo haliombwi kwa mkono mtupu. Linaombwa kwa impeke, kwenye chungu, na mzee wa nyumba hunywa kwa mrija wa msemaji. Asipokunywa, wageni hubeba chungu chao na kwenda zao.

Epiphanie alishika kiuno. Alimjua mumewe, na alimjua Rénovat.

Kwanza walijaribu njia ya upole. Patrick alitumwa aulize kama siku hizi haifai kila mtu anywe chupa yake, kama wanavyofanya matajiri wa mtaa wa Mutanga Nord. Jibu lilirudi kabla ya jioni: irembo haliombwi kwa chupa, na Rénovat anataka mbele ya watu wote aone kama mdomo wa Gélase utagusa mrija wake au la.

Epiphanie akaleta njia ya pili. Massoudi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ni Mwislamu, hajawahi kugusa pombe, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyesema ana ugomvi na mtu. Dini ilimwondolea kesi. Kwa nini Gélase naye asiseme ameokoka? Walokole wamejaa kila mtaa, na pombe hawanywi.

Gélase alicheka mpaka akakohoa. Alimwambia mkewe kwamba uongo huo utamlazimu aimbe kwaya mpaka afe, na sauti yake anaijua.

Amandine hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, akasema polepole:

"Papa, useme tu. Kama watanikataa juu ya damu yako, mi nataka nijue leo. Sitaki kujua kisha nimezaa."

"We hauwajue watu."

"Mi najua we. Miaka mbili umekaa humu ndani juu usikufe. Sasa unataka ukufe juu yangu? Apana."

Hata hivyo Gélase bado hakuwa tayari kusema. Usinilaumu mimi msimulizi. Mtu akibeba siri miaka miwili huwa amekwisha kuizoea, kama jiwe kiatuni. Akatafuta njia ya tatu, na aliitafuta kifundi. Alimpigia daktari, akauliza kama pombe imekatazwa. Daktari akasema kidogo haina neno. Anachokikataa yeye ni midomo ya watu. Basi Gélase akawaza: mwenye kunywa wa kwanza hukuta mrija safi. Ataomba anywe wa kwanza, akisingizia furaha ya mzazi. Atakunywa, atarudi kwenye kiti chake, na hakuna atakayejua kitu. Aliipenda hesabu hiyo. Alisahau jambo moja tu, jambo ambalo hata mtoto wa Burundi hasahau, na nadhani alilisahau kwa sababu alitaka kulisahau.

Siku ya Jumamosi alikataa ukumbi, akakataa sebule. Alipanga viti uani, chini ya hema lisilo na kuta, akavipima kwa futi yake ya kazi, kiti mpaka kiti, na kiti chake mwenyewe akakiweka karibu na geti ambako upepo wa ziwani ulikuwa ukiingia bila kubisha. Alivaa suti yake ya kahawia, ambayo sasa ilimpwaya, na barakoa mpya nyeupe. Epiphanie alimfunga tai, akamwangalia, akamwambia anapendeza. Ilikuwa kweli.

Wageni walifika kumi na wawili. Walipoziona nafasi kati ya viti walitazamana, na mjomba mmoja akavuta kiti chake akakibananisha na cha mwenzake. Gélase aliinua mkono kifuani kuwasalimu badala ya kuwapa, na kila mkono ulioachwa hewani ukarudi mfukoni na kinyongo. Mbele yao alisimama Rénovat, amenyoa ndevu, koti refu, fimbo mkononi. Alikuwa amezeeka. Gélase alimtazama kuliko adabu inavyoruhusu, kwa sababu alimpenda yule mtu na hakuwa amemwona kwa karibu tangu ugonjwa uanze.

Rénovat alisema vizuri. Alianza kwa Kirundi cha ng'ombe na malisho, kama ipasavyo, na kwa kuwa Jabe ni Jabe alimalizia kwa Kiswahili. Alisema wameona ua katika nyumba hii, wanaomba waruhusiwe kulimwagilia. Watu wakapiga makofi. Vyungu viwili vililetwa, vimefunikwa majani ya mgomba, kimoja kikawekwa katikati ya ua na kingine kando.

Gélase alisimama haraka, akasema kwa sauti ya furaha kwamba leo yeye kama mzazi anaomba aonje wa kwanza.

Mtu mmoja akaguna. Na hapo Gélase akakumbuka alichokuwa amejisahaulisha. Mwenye kuleta pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili ijulikane hakuna sumu. Kumnyang'anya msemaji nafasi hiyo ni kumvua nguo.

Rénovat aliinama, akafunua majani, akatia mrija, akanywa mkupuo mrefu huku akimtazama Gélase machoni. Alipomaliza, hakuufuta mrija. Aliushika kwa mikono miwili, kwa heshima kamili, akamnyooshea.

"Nimeonja," alisema. "Sijakufa. Sasa we ukuje, unywe mbele ya hawa watu, waone kama mi niko mulozi."

Hatua zilikuwa nne kutoka kwenye kiti cha Gélase mpaka kwenye chungu. Alimwona Amandine mlangoni, mkono kwenye fremu. Alimwona Patrick ameinamisha kichwa. Nitasema kweli: kwa kitambo kidogo alitaka kunywa. Mkupuo mmoja tu, yaishe, mtoto aolewe, rafiki arudi, na labda Mungu angefumba jicho. Alipiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili. Kisha akasimama, na si kwa woga. Alikasirika. Alikuwa amemeza vidonge kila asubuhi bila kuruka siku, amekosa mazishi ya dada yake mwenyewe, amekula Krismasi mbili akiwa peke yake chumbani huku mkewe na binti yake wakicheka upande wa pili wa mlango, yote hayo ili aishi. Hawezi kuyatupa leo kwa aibu.

Akasema kwa sauti ambayo hata Massoudi aliisikia ng'ambo ya ukuta:

"Nitasema kitu, na kisha mutafanya munavyotaka. Niko na kansa ya damu. Leucémie. Hii miaka mbili yote. Haiambukizi mutu, si ile munafikiri. Lakini ugonjwa ya mutu, hata mafua, inaweza kuniua. Docteur amenikataza kunywa nyuma ya mudomo ya mutu yeyote. Hata ya bibi yangu. Rénovat, mi sikukushuku hata siku moja. Nilificha, na we ndiye ulilipa. Unisamehe."

Mjomba aliyekuwa amebananisha kiti chake alikirudisha polepole mahali pake. Kisha shangazi yake Patrick, Dative, mama mwenye kitambaa kikubwa kichwani na sauti isiyojua kunong'ona, akauliza kile ambacho wote walikuwa wakikiuliza kimoyomoyo: hiyo damu, binti naye anayo?

Epiphanie alifungua mdomo, lakini Gélase alimtangulia. Alisema kansa hii si mali ya kurithisha kama shamba, ndivyo daktari alivyomweleza, na mwenye shaka aende na Patrick na Amandine kwa huyohuyo daktari wiki ijayo akaulize mwenyewe. Amandine alisema kutoka mlangoni kwamba ataenda, na ambaye hataridhika hatamlaumu. Patrick alikuwa ameshainua kichwa. Alisema yeye hahitaji kwenda kuuliza, ila atamsindikiza.

Rénovat alikuwa bado amesimama na mrija mikononi. Uso wake ulikuwa umefanya mambo mengi kwa muda mfupi, na mwisho ulibaki na hasira tu, ile hasira ya mtu aliyejiandalia ugomvi akanyimwa.

"Miaka mbili," alisema. "Bibi yangu analia juu ya sahani yake ya maharage. Watu hawaleti baiskeli. Na we uko mugonjwa hapa, nyuma ya hii ukuta, peke yako. Ungenikufia bila kuniambia?"

"Nilikupigia simu."

"Ungetuma mutu!"

Gélase alikiri kwamba angetuma mtu. Rénovat aliutia mrija wake ndani ya chungu cha kwanza, akaliacha jambo hapo. Watu wakadhani sasa anaondoka, na mjomba mmoja alianza kuinuka. Lakini Rénovat alikwenda kwenye chungu cha pili. Alikinyanyua mwenyewe, magoti yakalia, akakileta akakiweka chini mbele ya Gélase, akarudi nyuma hatua kadhaa. Akaomba mrija mpya, akapewa. Aliomba pia maji ya moto, na Epiphanie akaja mbio na birika, akaumwagia mrija ule ndani na nje mbele ya watu wote kama anayebatiza.

Rénovat alifunua majani, akautia mrija, akainama aonje kama desturi inavyotaka. Akasita. Alibaki ameinama hivyo, mdomo shubiri moja kutoka kwenye mrija, na kila mtu pale akaelewa alichokuwa amekwama nacho. Akionja, Gélase hawezi kunywa. Asipoonja, chungu kitakuwa hakijathibitishwa na mtu, na hakuna Mrundi mwenye akili anayekunywa chungu kisichoonjwa kutoka kwa mtu ambaye mtaa mzima unamsema.

"Acha," alisema Gélase. "Usionje."

"Gélase, hakuna mutu ameonja hii."

"Nimesikia. Inuka, nipishe."

Akavuta barakoa mpaka kidevuni. Wengi walikuwa hawajauona uso wake tangu 2020, na waliona jinsi ulivyopungua. Alipiga goti moja, akaushika mrija, akanywa. Hakunywa kwa kuonja. Alijua kwamba akiinua kichwa chungu kile kitakwenda kwa watu na hakitamrudia tena, si leo wala Jumapili ijayo, kwa hiyo alikunywa kama mtu anayejaza pipa kabla ya maji ya mtaa hayajakatwa. Impeke ilikuwa chachu na nzuri. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Alipomaliza alisimama, akarudisha barakoa, akarudi kwenye kiti chake karibu na geti na kukaa. Kutoka hapo akasema kwa maneno ya desturi kwamba irembo wameliomba vizuri na irembo wamepewa, na hakuna mwingine atakayefunguliwa.

Hakuna aliyepiga makofi bado. Walikuwa wanakitazama chungu. Mrija ulikuwa palepale, umetoka kinywani mwa mtu mwenye ugonjwa wa damu, na kwa Jabe hilo ndilo lililokuwa swali la siku nzima. Rénovat alikunja koti lake refu, akachuchumaa, akauweka mrija uleule mdomoni bila kuufuta. Alikunywa mpaka akashiba. Kisha akaugeuza mrija kuelekea kwa Dative.

Mama yule aliutazama mrija, akamtazama Amandine mlangoni, akakaza kitambaa chake kichwani. Halafu alisogeza kiti mbele, akaulalamikia mgongo wake, akanywa.